Msafara Hausimami

Ndugu msomaji, katika kurasa hizi chache nataka kugombana. Ninaotaka kugombana nao ni watu wa misafara. Na kabla hujaniuliza mimi ni nani hata niwakemee watu wa misafara, nakiri mapema kwamba mimi ni mmoja wao. Nimo katika kosa ninalolisema, na sitajitoa.

Nimeishi Buswelu tangu mwaka 1988, nilipohamishiwa huku kufundisha. Siku zile ukimwambia mtu wa mjini Mwanza kwamba unakaa Buswelu, alikuuliza unafuata nini porini. Leo Buswelu ndiko makao makuu ya Manispaa ya Ilemela, na wale wale waliotucheka wanagombea viwanja huku. Kwa hiyo najua vizuri jinsi mahali panavyoitwa pori, mpaka siku wenye nguvu watakapopahitaji. Liweke jambo hilo akilini, nitalirudia.

Mwezi Agosti mwaka 2022 tulifiwa. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alifariki hapa Mwanza, na wazee wa ukoo wakaamua akazikwe kwao, kijiji kilicho mbele ya Nzega. Tukapanga msafara: gari la jeneza, Coaster mbili na magari madogo matatu. Tuliondoka Buswelu saa kumi na mbili asubuhi, tukateremka Nyakato, tukakata mjini, kisha Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, Buhongwa, Usagara. Kufikia Misungwi jua lilikuwa limeshapanda, na yale mawe ya Mwanza yalikuwa yamebaki nyuma. Mbele ilikuwa nchi tambarare ya Usukuma ya mwezi wa nane: majaruba yaliyokauka, mabua ya pamba, mibuyu isiyo na majani, na ng'ombe wakifuata maji.

Ndani ya gari letu kulikuwa na kijana mmoja wa ukoo anayefanya kazi Dar es Salaam. Alitazama nje muda mrefu, kisha akasema, "Baba mdogo, huku katikati hakuna kitu kabisa." Hakuna aliyembishia. Hata mimi sikumbishia, nami nilimaliza miaka thelathini na moja darasani nikifundisha watoto wa huko huko "katikati".

Saa mbili hivi tukaingia katika mji mdogo mmoja. Jina lake nalificha, maana kosa lilikuwa letu na si lao. Ulikuwa mji kama ile mingine yote: mashine ya kusaga, msikiti mdogo, kanisa la bati, kituo cha bodaboda, duka la pembejeo, na akina mama waliopanga nyanya na viazi kandokando ya lami. Msafara wetu uliingia kwa mwendo ule ule wa porini, taa zote zikiwaka, honi zikilia. Mkokoteni wa ng'ombe ulikuwa ukivuka barabara. Dereva wa Coaster yetu akaukwepa kwa kutoka pembeni ya lami, na gurudumu la mbele likapita juu ya meza ya nyanya. Mama mwenyewe aliruka nyuma. Hakuumia. Nilimwona uso kwa dirisha, amejishika kichwa kwa mikono miwili.

Dereva, kijana mstaarabu, alipunguza mwendo akatutazama. Sauti ikatoka nyuma, ya msimamizi wetu wa safari: "Twende, twende. Msafara hausimami. Tuna maiti."

Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele. Nilikuwa mzee kuliko wote ndani ya gari lile. Neno langu moja lingetosha. Nikatazama mbele, na gari likaongeza mwendo.

Sasa sikiliza, ndugu msomaji. Tulipofika Shinyanga, saa tatu unusu, msafara ule usiosimama ulisimama. Ulisimama dakika hamsini. Tulikunywa supu, tukala chapati, vijana wakachaji simu zao, na maiti alitungoja nje ndani ya gari kwa subira yote. Nilikuwa nikishika kijiko cha supu nilipoelewa maana halisi ya yale maneno. Msafara husimama sana. Husimama penye starehe yake. Kinachoitwa "hausimami" ni kutosimama kwa ajili ya mtu asiye na uwezo wa kuusimamisha.

Wako watakaosema kwamba namkuza mbu awe tembo, kwamba nyanya ni nyanya na msiba ni msiba. Hao nawaomba twende pamoja nyuma kidogo, kwenye historia ya njia ile ile.

Mwezi Julai mwaka 1858 Mwingereza John Hanning Speke alitoka Tabora, ambayo wageni waliiita Kazeh, akaelekea kaskazini na wapagazi wake. Pamoja naye alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani akafikishwa India. Tarehe 3 Agosti waliliona ziwa hapa Mwanza, nalo likapewa jina la malkia ambaye hakuwahi kuliona. Safari iliyowachukua wiki tatu na zaidi, sisi huimaliza kwa nusu siku. Vitabu vinasema Speke "aligundua". Wasukuma waliokuwa wakivua sato katika maji yale nadhani walishangaa kusikia kwamba walikuwa hawajagunduliwa.

Lakini si Speke ninayemtaka leo. Nataka maneno mawili ambayo misafara ya zama zile ilituachia: hongo na posho.

Hongo, katika siku za misafara, haikuwa rushwa. Ilikuwa ada ya njia. Msafara ulipofika katika nchi ya mtemi, kuanzia Ugogo hadi Unyamwezi na kwingineko, ulitoa vitambaa, shanga au nyaya za shaba ndipo upite. Kwa nini? Kwa sababu watu mia tatu wakipita kwako watakunywa maji ya kisima chako, watakata kuni zako, watakanyaga mtama wako. Wazungu walilalamika sana katika vitabu vyao, wakaita unyang'anyi. Sikatai kwamba wako watemi waliozidisha. Lakini msingi wake ulikuwa wa haki: nchi hii ina wenyewe, na kupita ni jambo la kuombwa. Mirambo, mtemi wa Urambo aliyefariki mwaka 1884, alipokosana na Waarabu wa Tabora mwaka 1871 aliifunga njia ya kwenda Ujiji, na matajiri wakajua kwamba njia si mali ya mpitaji.

Posho nayo ilikuwa chakula cha mpagazi. Mtu aliyebeba frasila mbili kichwani, yaani zaidi ya kilo thelathini, alipewa kipande cha merikani au ushanga, akaingia kijijini kununua mtama, mihogo na kuku. Kwa hiyo posho ya msafara iliishia mikononi mwa mama wa kijiji kile kile ulikopiga kambi.

Sisemi misafara ile ilikuwa ya malaika. Ilibeba pembe za ndovu, na mingine ilibeba watu wenye minyororo shingoni. Mpagazi aliyeugua aliachwa njiani. Ilieneza ndui, na ilipopita wakati wa njaa iliongeza njaa. Sitamani irudi. Nasema tu kwamba hata misafara ile, pamoja na dhambi zake zote, ilijua kwamba kuna mtu anaishi hapo inapopita, na kwamba mtu huyo anadai.

Leo hongo ni nini? Ni pesa anayopewa mwenye cheo kwa siri. Posho ni nini? Ni pesa anayopewa mwenye cheo kwa dhahiri. Maneno yamebaki, lakini yamehama: yametoka kwa mwenye kijiji yakaenda kwa mwenye gari. Misafara ya wakubwa hupita katika miji yetu midogo kwa ving'ora, na posho yao hulaliwa katika hoteli za ziwani Mwanza. Nao sisi wadogo, tukipata harusi au msiba, tunawaiga. Tunawasha taa, tunapiga honi, na kwa saa chache tunaonja utamu wa kupishwa.

Tena kuna jambo ambalo vijana hawalijui. Wanauliza kwa nini watu hawa wanabanana barabarani na mameza yao, mbuzi wao na watoto wao. Jibu ni kwamba waliambiwa waje barabarani. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, familia nyingi za Usukuma zilitolewa kwenye miji yao ya asili iliyotawanyika, zikapangwa kwa mistari kando ya barabara. Ziliambiwa: sogeeni, ndipo serikali iwafikishie maji, shule na zahanati. Wengine walisogea kwa hiari, wengine walisogezwa, na nyumba zao za zamani zikabomolewa ili wasirudi. Wakasogea. Kisha Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ikapanua hifadhi ya barabara kuu kutoka meta 22.5 hadi meta 30 kila upande kutoka katikati, na wengi wakaona alama nyekundu ya X kwenye kuta zao. Mtu yule yule, katika maisha yake yale yale, aliambiwa sogea barabarani, halafu akaambiwa ondoka barabarani. Na katikati ya amri hizo mbili, sisi tunapita tukisema hapa hakuna kitu.

Hakuna kitu? Pamba iliyojenga vyama vya ushirika vya kanda hii, hadi Victoria Federation ya akina Paul Bomani katika miaka ya 1950, ilitoka katika miji hiyo hiyo isiyo na kitu. Mchele unaopikwa kwenye harusi zetu za Buswelu unatoka humo. Ng'ombe wa minada wanatoka humo. Pale Mwadui, karibu na Maganzo, John Williamson alipata almasi mwaka 1940, na mwaka 1947 likatoka jiwe la rangi ya waridi ambalo alimpa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, liwe zawadi ya arusi. Jiwe likafika katika jumba la kifalme, na Maganzo ikabaki mahali pa kupitwa. Basi tatizo si kwamba hakuna kitu. Vitu viko, ila navyo hupita bila kusimama.

Narudi kwenye siku yetu. Tulipita Tinde, na kabla ya Nzega Coaster yetu ilichemka. Mkanda wa feni ulikuwa umekatika. Tulisukuma gari hadi chini ya mwembe katika kijiji kingine kidogo, ambacho laiti gari lingekuwa zima tusingekitazama mara mbili. Msafara ukasimama sasa, kwa lazima.

Watu walikuja. Wa kwanza walikuwa watoto, kama kawaida. Kisha akaja mama mmoja na ndoo ya maji, akasalimia, akaliona jeneza katika gari la mbele, akaishusha ndoo polepole. Akauliza, "Ni nani?" Tukamwambia. Alivua kitenge chake cha juu akawatandikia mama zetu wakae. Baada ya robo saa walikuwa watu kama ishirini. Mzee mmoja alivua kofia, akasimama kimya mbele ya jeneza, kisha akaigeuza kofia ile na kuanza kuzunguka kwa wenzake. Sikuelewa anachofanya mpaka alipoileta kwangu.

Ilikuwa rambirambi. Sh. 31,700, nyingine sarafu. Pamoja nayo karatasi iliyochanwa katika daftari la shule, majina kumi na tisa, na mbele ya kila jina kiasi chake: 2,000, 1,000, 500. Mzee akaniambia, "Muisome huko msibani, ili wajue kwamba na sisi tulikuwepo." Nikajibu "Wabeja sana, baba," na sauti yangu haikutoka vizuri. Walikuwa hawamjui marehemu. Walikuwa hawatujui sisi. Fundi wa baiskeli akatufungia mkanda kwa namna yake, akakataa malipo kwa kuwa gari ni la msiba, na tukaondoka.

Nilisoma majina yale makaburini, yote kumi na tisa. Yule kijana wa Dar es Salaam alikuwa amesimama karibu yangu akitazama chini.

Siku ya tatu tulipokuwa tukirudi, nilimwambia dereva anishushe kwenye ule mji wa kwanza. Wengine walinung'unika, nikashuka hivyo hivyo. Nilimkuta yule mama pale pale, meza imepigiliwa mbao mpya. Nikamwambia, "Mayu, mimi nilikuwemo katika gari lililokanyaga nyanya zako juzi. Tulikosa. Nimekuja kulipa." Alinitazama sana. Nilitegemea hasira, au labda machozi. Alihesabu: nyanya nusu tenga, na mbao, na misumari, jumla Sh. 22,000. Nikampa 30,000. Akahesabu tena, akanirudishia 8,000.

Nikasema, "Chukua tu, mayu, ni za usumbufu."

Akajibu, "Hapana, baba. Hizo si zangu." Kisha akaongeza, bila ukali wowote, akipanga nyanya zake, "Lakini umenishangaza kusimama. Ninyi huwa mnasimama mkiharibikiwa tu."

Ndugu msomaji, nimesoma vitabu vingi na kuhudhuria semina nyingi za maendeleo vijijini. Sijasikia hukumu iliyo fupi na ya haki kuliko hiyo. Tukiwa wazima, wao ni pori. Tukiharibikiwa, wao ni ndugu.

Wako watakaonijibu kwamba barabara ni ya kupita, na nchi haiwezi kujengwa kwa kusimama kila penye meza ya nyanya. Nakubali nusu yake. Sitaki mabasi yageuke mikokoteni. Naipenda lami, na nililipanda daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, kilometa tatu juu ya maji, nikafurahi kama mtoto kwa kuwa sikungoja kivuko. Lakini katika furaha ile nilikumbuka pia akina mama waliotuuzia samaki na mayai ya kuchemsha kwenye foleni ya kivuko miaka yote ile. Foleni yetu ilikuwa mlo wao. Je, aliyefurahia dakika chache za daraja aliuliza wao wamekwenda wapi? Nami pia nilipita.

Wengine watasema suala ni umaskini, na umaskini ni mkubwa mno kwa mtu mmoja. Hiyo nayo ni njia ya kukimbia. Mimi sikuombwa niuondoe umaskini wa Usukuma. Niliombwa, kwa macho ya mama mmoja dirishani, kusema neno moja: "Simama." Lilikuwa ndani ya uwezo wangu.

Kwa hiyo madai yangu si makubwa. Sheria inasema mwendo katika makazi ni kilometa 50 kwa saa. Basi iwe 50 hata kwa mwenye msiba, hata kwa mwenye king'ora kisichokimbilia hospitali wala moto. Mwenye kupewa posho kwa sababu amesafiri, ainunue chai yake katika mji mmoja mdogo njiani, iwe ada yake ya njia. Na kila msafara, kabla haujaondoka, uteue mtu mmoja ambaye kazi yake ni kusimama: akikanyaga mtu chake, huyo anabaki na kulipa, wengine waendelee kama lazima waendelee.

Katika ukoo wetu tumelipitisha jambo hilo. Haikuwa rahisi, wako walioniambia uzee umeniingia vibaya. Mwaka 2024 tulisafirisha msiba mwingine kwa njia ile ile. Tuliingia kila mji taratibu, na tulisimama chini ya ule mwembe kuwasalimia wenye majina kumi na tisa. Wawili kati yao walikuwa wamekufa, na hatukuwa na habari, maana hakuna aliyetuletea karatasi. Tulitoa rambirambi yetu kwa kuchelewa. Mazishi yetu yalichelewa dakika ishirini na tano. Hakuna aliyelalamika kwa Mungu, na marehemu alituzuia na lolote.

Karatasi ile ya daftari ninayo hapa Buswelu, mezani ninapoandika. Wino wa kalamu umeanza kufifia, lakini majina yanasomeka. Nikisikia tena mtu akisema huko katikati hakuna kitu, nitaifungua nimsomee.